Baiskeli Ikiharibika, Nani Ataitengeneza?



Tunapozunguka vijijini kuvitembelea vikundi, kuna kitu tunakiona karibu kila boma. Nyuma ya jikoni au chini ya mwembe kuna baiskeli imeegemezwa. Kuku wanalala juu ya keria. Tairi limekauka likapasuka. Ukiuliza, unaambiwa, "Hiyo iliharibika." Ukiuliza tena ni nini hasa kiliharibika, mara nyingi unakuta ni kitu kidogo: pancha, spoki mbili, raba za breki, cheni. Kitu kidogo kimelaza mali kubwa.

Katika toleo hili tunataka kuongea juu ya jambo hilo. Tutaeleza kwa nini baiskeli zinakufa kabla ya wakati wake, mambo ambayo mtu yeyote anaweza kujitengenezea, na vile kikundi kinaweza kuanzisha karakana ndogo ya baiskeli inayomilikiwa na wanakijiji wenyewe.

BAISKELI INA KAZI GANI SIKU HIZI?

Kuna watu watasema, "Baiskeli ni ya zamani, siku hizi ni pikipiki." Tunajua historia hiyo vizuri. Kazi ya bodaboda ilianza kwa baiskeli pale mpakani Busia miaka ya 1960. Watu walikuwa wakibebwa kutoka mpaka mmoja hadi mwingine, na jina likatoka hapo. Mwaka wa 2008 serikali iliondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki ndogo, zile za chini ya cc 250. Tangu hapo pikipiki zikajaa kila njia panda na vijana wengi wakaacha baiskeli.

Lakini pikipiki inakunywa petroli kila siku, na ukiibanda kama abiria unalipa kwenda na unalipa kurudi. Baiskeli inakula nguvu zako tu. Hebu tuhesabu. Mtu akitembea kwa miguu anaenda kama kilomita 5 kwa saa. Kwa baiskeli, hata bila haraka, anaenda kilomita 12 au zaidi. Zahanati ikiwa umbali wa kilomita 10, kwa miguu ni saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, na siku imeisha. Kwa baiskeli mtu anarudi kabla ya jua kuwa kali. Mama akibeba maji kichwani anabeba mtungi mmoja wa lita 20. Baiskeli inabeba mitatu.

Hata kwa shule ni hivyo. Huko Zambia wataalamu walifuatilia wasichana waliopewa baiskeli za kwendea shule. Muda wa njiani ulipungua kwa zaidi ya theluthi moja, na siku za kukosa shule zilipungua kwa zaidi ya robo. Kwa hiyo baiskeli haijapitwa na wakati. Inapitwa na wakati pale tu inapokaa imeharibika.

KWA NINI INAKUFA MAPEMA?

Kikundi kimoja cha wahudumu wa wagonjwa nyumbani kilikuwa na baiskeli 12. Tulipokitembelea, zilizokuwa zinatembea ni 3. Wahudumu walikuwa wameanza kuruka nyumba za mbali. Mgonjwa wa mbali ndiye aliyekuwa akiumia, kwa sababu hakuwa na mtu wa kumfikia.

Wengine kikundini walisema waandike barua kuomba baiskeli mpya. Mama mmoja akasema, "Tusiombe kabla hatujajua hizi zinaugua nini." Basi tukazileta zote 9 uani, tukazipindua juu chini, tukaandika ubaoni ugonjwa wa kila moja. Matokeo yalikuwa haya:

- 4 zilikuwa na pancha au tyubu iliyooza.
- 2 zilikosa raba za breki.
- 1 ilikuwa na cheni iliyokatika.
- 1 ilikuwa na kranki iliyolika kwa sababu ya kotapini kulegea.
- 1 ilikuwa imevunjika uma wa mbele.

Kati ya hizo 9, saba zingeweza kutengenezwa na wanakikundi wenyewe siku moja. Mbili tu ndizo zilizohitaji fundi. Na ile ya kranki ingepona kama kotapini ingekazwa ile wiki ya kwanza ilipoanza kuchezacheza.

Kwa nini hazikutengenezwa? Hapa tunaona sababu tatu. Ya kwanza, fundi yuko mbali. Tangu pikipiki zizidi, mafundi wengi wa baiskeli wamehamia kwa pikipiki kwa sababu huko kuna pesa. Ya pili, vifaa havipo. Mtu mmoja peke yake hawezi kununua spana, pampu na ufunguo wa spoki kwa ajili ya baiskeli moja. Ya tatu, watu wanaogopa kuifungua. Wanasema, "Nikifungua sitaweza kurudisha." Sababu zote tatu ni za mtu aliye peke yake. Kikundi kinaweza kuziondoa.

KARAKANA YA JAMII NI NINI?

Karakana ya jamii si sawa na duka la fundi. Kwa fundi unaacha baiskeli, unaenda zako, unarudi na pesa. Katika karakana ya jamii unakuja na baiskeli yako na unaitengeneza kwa mikono yako. Vifaa ni vya wote. Yuko mtu anayejua, anasimama karibu na kukuonyesha, lakini hakunyang'anyi spana. Ukirudi mara ya pili unakuwa umejua, na mara ya tatu wewe ndiwe unaonyesha mwingine.

Jambo hili limejaribiwa mahali pengi. Huko Marekani, shirika la Bikes Not Bombs lilianza mwaka wa 1984 kwa kukusanya baiskeli kuukuu na kuzipeleka Nicaragua. Baadaye likaanza kufundisha vijana wa mjini: kijana anajifunza kutengeneza baiskeli, na akimaliza mafunzo ile aliyoitengeneza inakuwa yake. Ameipata kwa jasho lake, kwa hiyo anaitunza.

Hapa Afrika, huko Ghana, Village Bicycle Project ilianza mwaka wa 1999. Wao huenda kijijini na kufanya mafunzo ya siku moja ya kutengeneza baiskeli. Mtu akishahudhuria, anauziwa baiskeli kwa nusu ya bei. Angalieni hapo: hawagawi bure, na hawauzi kabla ya kufundisha. Huko Namibia, Bicycling Empowerment Network ilianza mwaka wa 2005. Wao walipeleka baiskeli kuukuu ndani ya kontena, na kontena lenyewe likabaki kijijini likageuzwa kuwa karakana iliyoendeshwa na kikundi cha mahali hapo. Nalo shirika la World Bicycle Relief, ambalo linauza baiskeli za Buffalo hapa Kenya na kwingineko, linafundisha mafundi wa vijijini na kuhakikisha spea zinapatikana.

Wote hao walifika mahali pamoja: baiskeli bila ujuzi na spea ni mzigo unaongojea kutupwa. Na sisi hatuhitaji kungojea kontena. Baiskeli tayari ziko, zimelala nyuma ya jikoni.

MAMBO SITA UNAYOWEZA KUJITENGENEZEA

Tutaongea hasa juu ya ile baiskeli kubwa nyeusi, Black Mamba, kwa sababu ndiyo iliyo nyingi vijijini. Lakini mengi yanafaa kwa zote.

1. Pancha. Usikimbilie kufungua tairi. Kwanza angalia valvu. Ndani ya valvu za Black Mamba kuna kimpira chembamba. Kikioza au kikipasuka upepo unatoka, na watu wanadhani ni pancha. Weka tone la maji au mate kwenye valvu. Likitoa mapovu, badilisha kimpira hicho tu, kazi imeisha.

Kama si valvu, toa upepo wote. Bonyeza tairi pande zote liingie katikati ya rimu ili lilegee. Anza kulitoa upande ulio mbali na valvu. Kama hauna vyuma vya kutolea tairi, tumia mipini ya vijiko viwili isiyo na makali. Usitumie bisibisi, itakutobolea tyubu pahali pengine. Toa upande mmoja tu wa tairi, halafu vuta tyubu nje. Gurudumu la nyuma halina haja ya kung'olewa.

Jaza tyubu upepo, izamishe kwenye karai la maji pole pole, utaona mapovu. Weka alama. Toa upepo, kausha, sugua hapo kwa msasa mpaka pang'ae kidogo pakwaruze. Paka solusheni nyembamba, pana kuliko kiraka. Sasa subiri dakika tano. Hapa ndipo watu wengi wanaharibu: wanabandika ikiwa bado maji maji na kesho kiraka kinabanduka. Ngoja ikauke, ikigusika haishiki kama uji, ndipo ubandike na kubonyeza kwa nguvu.

Kabla ya kurudisha, pitisha kitambaa ndani ya tairi polepole uzunguke lote. Ule mwiba uliokutoboa huenda bado umo ndani. Usipoutoa utapata pancha nyingine kabla ya kufika njia kuu. Ukirudisha, ingiza valvu kwanza, halafu anza kuingiza tairi upande wa mbali na umalizie kwenye valvu. Sukuma valvu juu kidogo kuhakikisha tyubu haikubanwa.

2. Upepo. Hiki ni kitu cha bure na ndicho kinasahauliwa zaidi. Tairi lisilo na upepo wa kutosha linapasuka pembeni, na ukigonga jiwe tyubu inabanwa na rimu. Bonyeza kwa kidole gumba kila Jumamosi. Ukibeba mzigo, ongeza upepo wa nyuma.

3. Cheni. Vumbi likichanganyika na mafuta linakuwa kama msasa, linakula meno. Isugue kwa brashi na mafuta ya taa, ikaushe, weka tone la mafuta safi kwa kila pini, zungusha pedali, halafu pangusa yote yaliyo nje. Mafuta ya kupikia yanaganda. Oili chafu iliyotolewa kwenye gari ina vumbi la chuma ndani yake, kwa hiyo unaongeza ugonjwa.

Cheni inazeeka kwa kurefuka. Chukua tepu ya fundi wa nguo. Hesabu vipande 24 kutoka katikati ya pini hadi katikati ya pini. Cheni mpya ni inchi 12 kamili. Ikizidi kwa sehemu moja ya nane ya inchi, nunua nyingine. Ukingoja zaidi itakula meno ya mbele na friwili ya nyuma, na hizo ni ghali kuliko cheni. Cheni ikikazwa sawa, katikati yake ichezecheze juu na chini kama nusu inchi.

4. Breki. Black Mamba ina breki za vyuma zinazovuta raba juu kwenye rimu. Raba zikiisha, chuma kinakula rimu. Angalia kila wiki. Hakikisha raba zote mbili zinagusa kwa wakati mmoja na hazigusi tairi. Mjue pia kwamba rimu za chuma zikilowa, breki hazishiki vizuri. Wakati wa mvua, anza kushika breki mapema, na mteremko mkali shuka utembee. Watoto waambiwe hivyo mara kwa mara.

5. Spoki. Kwa kawaida Black Mamba ina spoki 32 mbele na 40 nyuma, kwa sababu nyuma ndiko mzigo uko. Ikikatika moja, zile za jirani zinabeba kazi yake, nazo zitafuata. Badilisha mara moja. Kukaza, tumia ufunguo wa spoki na uzungushe robo tu kwa mara moja, huku ukiangalia gurudumu likizunguka kama linagusa breki. Mtu anayezungusha mara mbili tatu kwa hasira anapata gurudumu lenye umbo la yai.

6. Kotapini, pedali na gololi. Ukikanyaga ukasikia kitu kinachezacheza, shuka uangalie kotapini inayoshika kranki. Ikaze leo. Kama ni ya kupigwa nyundo, weka gogo chini ya kranki kwanza ili pigo lisiumize gololi za ndani. Kuhusu pedali, kumbuka kwamba ya kulia inakazwa kama nati ya kawaida, lakini ya kushoto inakazwa kinyume. Ilitengenezwa hivyo ili isifunguke yenyewe unapoendesha. Kranki nyingi za kushoto zimekufa uzi kwa sababu mtu alitumia nguvu bila kujua neno hili moja.

Ukifungua habu, tandika kitambaa chini na hesabu gololi kabla hazijakukimbia. Kama zimechakaa, badilisha zote pamoja. Ukichanganya mpya na kuukuu, zile mpya ni kubwa kidogo na zitabeba uzito wote peke yake. Weka grisi safi. Kaza mpaka gurudumu lisicheze upande, lakini lizunguke bila kusaga.

YA KUMWACHIA FUNDI

Fremu iliyopasuka, uma uliopinda au kuvunjika, kusuka gurudumu lote upya, na friwili iliyokufa. Uma ukivunjika ukiwa kwenye mteremko hakuna nafasi ya kujirekebisha. Msijaribu kuunyoosha kwa nyundo na kusema umepona.

NAMNA YA KUANZISHA

Msianze kwa kujenga nyumba. Anzeni na sanduku moja la vifaa na kivuli cha mti. Tumeona vikundi vikimaliza pesa zote kwenye mabati na saruji, na siku ya ufunguzi hakuna hata pampu.

Sanduku la kwanza liwe na pampu nzuri, ile spana bapa ya baiskeli yenye matundu mengi, spana chache za kawaida, bisibisi mbili, plaizi, nyundo, ufunguo wa spoki, msasa, brashi, karai, kopo la grisi na chupa ya mafuta.

Tuseme kikundi kina watu 20 na kila mmoja anatoa shilingi 250. Hizo ni shilingi 5,000. Ulizeni bei katika maduka matatu kabla ya kununua, na msinunue spana laini za bei rahisi ambazo zinapanuka mdomo mwezi wa kwanza. Afadhali vifaa vichache vigumu. Vingine vitakuja.

Halafu wekeni spea zinazotoka haraka: solusheni, viraka, vimpira vya valvu, raba za breki, spoki, gololi, kotapini. Ziuzwe kwa faida ndogo. Kwa mfano, mkinunua kitu kwa shilingi 50 mkauze 60, ile 10 ni ya kikundi. Mwanakijiji atafurahi kwa sababu hajalipa nauli ya kwenda mjini, na mfuko wenu utakua pole pole. Msikopeshe spea. Mtu akichukua raba za breki kwa maneno, hizo zimeenda.

Sheria ziwe chache na ziandikwe:

- Karakana inafunguliwa siku moja inayojulikana, kwa mfano alasiri ya siku ya soko.
- Msimamizi ni mmoja kwa zamu. Ufunguo wa sanduku uko kwake, na daftari pia.
- Vifaa havitoki nje ya karakana. Si kwa mwenyekiti, si kwa jamaa ya mwenyekiti.
- Kila kifaa kimechorwa umbo lake ubaoni. Kikikosekana, pengo linaonekana kabla watu hawajatawanyika.
- Mwanakikundi analipa ada ndogo. Asiye mwanakikundi analipa zaidi kidogo.
- Kila mwisho wa mwezi daftari linasomwa mbele ya wote.

Hiyo sheria ya tatu ni ngumu lakini msiilegeze. Tunajua kikundi kilichoanza vizuri sana, na mwaka haukuisha. Pampu iliazimwa kwa siku moja na mtu wa heshima, na ilikuwa vigumu kumdai. Baada ya pampu ikaenda spana. Hakuna aliyeiba. Kila mtu aliazima tu. Sanduku likabaki tupu.

FUNDI WA SOKONI ATAKULA WAPI?

Swali hili huulizwa kila mahali, na ni la haki. Mzee mmoja fundi alikuja kwenye mkutano wa kikundi akasema wazi, "Mnataka kuninyima chakula." Hakuna aliyemcheka.

Wanakikundi walikaa naye. Wakakubaliana awe mwalimu, alipwe kwa kila siku ya mafunzo. Zile kazi nzito, kama kusuka magurudumu na kunyoosha fremu, zote zitumwe kwake. Baada ya miezi kadhaa alituambia kwamba kazi za pancha zilikuwa zimepungua kweli, lakini baiskeli zilizokuwa zimelala zilikuwa zimerudi barabarani, na baiskeli inayotembea ndiyo inayochakaa na kumletea kazi kubwa. Hata hivyo aliongeza, "Msifundishe watu wote kusuka gurudumu." Tukaona ana haki. Kwa hiyo kama kwenu kuna fundi, mwiteni kabla ya kuanza, msimwite baada ya ugomvi. Yeye ndiye mwenye ujuzi.

AKINA MAMA NA WASICHANA

Katika mikutano mingine tumesikia wazee wakisema mwanamke hashiki spana. Lakini ni nani anachota maji? Nani anapeleka mboga sokoni, na nani anakimbiza mtoto mgonjwa zahanati? Kama baiskeli ingemsaidia, basi yeye ndiye anapaswa kujua kuitengeneza, maana pancha haingoji mpaka baba arudi kutoka mjini.

Tunashauri mafunzo ya kwanza yawe na akina mama nusu au zaidi. Pengine wawe na siku yao, kwa sababu wanaume wakiwapo wananyakua spana wakisema, "Lete nikusaidie, mama." Huo si msaada. Mama huyo atarudi nyumbani hajajua kitu. Msichana wa shule anayejua kuziba pancha hatakaa njiani gizani akingoja mtu asiyemjua amsaidie. Hilo peke yake linatosha kuwa sababu.

BAISKELI ZA MSAADA: TAHADHARI

Wengine mtapewa, au mtauziwa kwa bei ya chini, baiskeli kuukuu za kutoka ng'ambo. Pokeeni, lakini ulizeni kwanza: spea zake zinapatikana soko letu? Tairi la Black Mamba ni la inchi 28. Baiskeli nyingi za gia zina rimu za inchi 26, na tairi hizo haziingiliani. Cheni yake ni nyembamba, valvu yake huenda ni tofauti, na nyingine hutumia vifaa vya kufungulia ambavyo hakuna duka la kijijini linavyo. Ni heri baiskeli 10 za aina moja kuliko 30 za aina 30. Za aina moja, ile iliyokufa kabisa inatoa spea za kuponya nyingine.

Tena, mtu asipewe kabla ya kujifunza kuziba pancha, kuweka mafuta kwenye cheni na kukaza breki. Hata kama ni bure, mafunzo yawe ndiyo bei yake.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Katika kijiji chetu kuna baiskeli ngapi zimelala? Twendeni tuzihesabu, na tuandike ugonjwa wa kila moja.
2. Mwaka uliopita tulitumia pesa ngapi kwa nauli ya pikipiki kwenda mahali ambapo baiskeli ingetufikisha?
3. Nani hapa kijijini ana ujuzi wa kutengeneza baiskeli? Nani atamwendea kuongea naye?
4. Ni akina nani wanaachwa nyuma wakati hatuna usafiri: wagonjwa, wasichana wa shule, wazee?
5. Sanduku la vifaa litakaa kwa nani, na tutafanya nini mtu wa heshima akija kuazima?

Swali la kwanza lisibaki mdomoni. Kabla ya mkutano wenu ujao, kila mtu alete baiskeli moja iliyolala, ya kwake au ya jirani. Izungushwe, ipinduliwe, iandikwe. Kikundi kikimaliza orodha hiyo, kitajua kiasi gani cha pesa kinahitajika na kazi ipi inaanza. Mkishafanya hivyo, tuandikieni mlikuta nini. Tungependa kuchapisha orodha zenu katika toleo lijalo, ili vikundi vingine vione na kujipima.